Mtafiti Mbele ya Kipaza Sauti

Kabla hujatengeneza slaidi, kabla hata hujaandika muhtasari wa makala yako kwa Kiingereza, andika sentensi moja ya Kiswahili inayosema umegundua nini. Moja tu. Iwe sentensi ambayo mwandishi wa habari anaweza kuinakili daftarini akiwa amesimama, na mama anayeuza nafaka katika soko la Kibaigwa akiisikia redioni aielewe bila kumuuliza mtu. Ukishindwa kuiandika, hujawa tayari kuzungumza na mwandishi, hata kama makala yako imekwisha kupita kwa wahakiki.

Nasema hivi kwa sababu watafiti wetu wengi wamesomea kazi yao kwa Kiingereza, wameitetea kwa Kiingereza na kuiombea fedha kwa Kiingereza. Siku ya kwanza kuieleza kwa Kiswahili ni siku hiyohiyo wanayosogezewa kipaza sauti mdomoni. Ndiyo maana tunasikia sentensi zinazoanza kwa Kiswahili na kuishia kwa Kiingereza, na kabla hazijafika mwisho msikilizaji amekwisha kubadili stesheni. Huyo msikilizaji ndiye aliyetoa damu yake, shamba lake au mtoto wake ili utafiti ufanyike. Ana haki ya kujibiwa kwa lugha anayoielewa.

Chukua sumukuvu, sumu inayotokana na kuvu inayoota kwenye mahindi na karanga. Mwaka 2004 iliua watu 125 kati ya 317 waliougua mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Mwaka 2016 iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sasa tuseme umepima mahindi ya vijiji kadhaa na mwandishi amekuja. Unamwambia: "Utafiti wetu umebaini kuwepo kwa viwango vya sumukuvu vinavyozidi kikomo kinachoruhusiwa katika sehemu kubwa ya sampuli." Hakuna uongo hapo. Lakini mhariri aliyebakiwa na nafasi ya maneno manne ataandika kwamba mahindi yana sumu. Kesho yake wanunuzi watashusha bei, na mama mwenye madebe matatu ya mahindi ndani hatajua ayapike au ayatupe.

Jaribu hivi, kama ndivyo ulivyokuta: "Mahindi yaliyoanikwa chini kwenye udongo na kuwekwa ghalani kabla ya kukauka ndiyo tuliyoyakuta na sumu nyingi. Yaliyoanikwa juu ya turubai na kukauka vizuri yalikuwa salama zaidi." Hapo umesema mahindi gani, yamepatwaje, na mtu afanye nini. Mhariri akikata nusu, nusu itakayobaki bado inamfaa mkulima. Hicho ndicho kipimo changu cha sentensi nzuri ya habari: ikatwe popote, kitakachobaki kisimdhuru anayeisikia.

Jiandae pia kwa swali ambalo hakika litakuja: "Kwa hiyo, daktari, wananchi waache kula ugali?" Watafiti wengi husikia swali hili kama kejeli, wakajibu kwa hotuba ya dakika tano kuhusu mbinu za sampuli. Mwandishi hakejeli, anauliza ambacho familia yake itamuuliza akirudi nyumbani. Jibu kwanza, eleza baadaye: "Hapana. Ila wachambue. Punje zilizovunda, zilizobadilika rangi au zilizotobolewa na wadudu waziondoe, wasizisage na wasiwape kuku. Na wasitegemee moto, kwa sababu kupika hakuiondoi sumu hii."

Kisha mpe kitu cha kufanya kwa mikono. Kwa mahindi kipo, na kinafaa sana redioni. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, yenye kifuniko. Tia mahindi kiasi, tia vijiko vichache vya chumvi kavu, funga, utikise kwa dakika chache, halafu uiache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi: unyevu umezidi asilimia 15 au karibu na hapo, yarudi juani. Chumvi ikidondoka yote chini, yamekauka chini ya kiwango hicho, ingawa kwa kuhifadhi muda mrefu yanatakiwa yashuke hadi asilimia 13.5, na hilo lazima ulitamke. Nenda studio na chupa mbili, moja ya mahindi mabichi na moja ya mahindi makavu. Zitikise karibu na kipaza sauti, mtangazaji azishike, aeleze kwa maneno yake anachokiona kwenye kioo. Yeye anawajua wasikilizaji wake kuliko wewe; akisema "aisee, chumvi imeng'ang'ania kote", amekusaidia kazi ambayo chati yako isingeifanya.

Namba ndizo zinazoponza wengi. Kikomo cha sumukuvu katika mahindi kwa viwango vya Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa sehemu bilioni moja. Kwa mkemia hiyo ni habari kamili. Kwa msikilizaji ni sauti tu. Mwambie hivi: kidonge kimoja cha paracetamol cha miligramu 500, kikisagwa na kuchanganywa sawasawa katika magunia 500 ya mahindi ya kilo mia moja kila moja, kinafikia kiwango hicho. Atakuwa ameelewa mambo mawili kwa mpigo: kwamba kinachozungumziwa ni kidogo kiasi cha kutoonekana kwa macho, na kwamba kutokiona si ushahidi kuwa hakipo. Mlinganisho wa namna hii utengeneze ukiwa umetulia, piga hesabu, mpe mwenzako airudie. Mlinganisho uliokosewa hewani ukishasambaa hauzuiliki.

Asilimia nazo zina mtego wake. Jaribio la chanjo ya malaria ya RTS,S lilihusisha watoto zaidi ya 15,000 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, vikiwemo Korogwe, Bagamoyo na Kilifi. Matokeo ya kwanza yalipotangazwa mwaka 2011, kwa watoto walioanza kuchanjwa wakiwa na miezi 5 hadi 17, matukio ya malaria yalikuwa yamepungua kwa takriban nusu katika mwaka wa kwanza. Baada ya kufuatiliwa kwa takriban miaka minne, kwa waliopata dozi nne upungufu ulikuwa takriban asilimia 36. Mtu aliyesoma shule zetu akisikia "asilimia 36" anafikiria mtihani, na kwa hesabu hiyo chanjo imefeli. Mwingine anaelewa kwamba watoto 36 kati ya 100 wamekingwa kabisa na 64 wameachwa hivihivi. Wote wawili wamekosea, na kosa limeanzia kwa aliyewapa namba bila maelezo. Sema: "Kwa kila mara 100 ambazo watoto hawa wangeugua malaria, mara 36 hivi hawakuugua. Mtoto aliyechanjwa bado anaweza kuugua, kwa hiyo chandarua kisiondolewe." Kisha ongeza kilichotokea chanjo ilipoanza kutolewa kwa majaribio nchini Ghana, Kenya na Malawi kuanzia mwaka 2019: vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa vilipungua kwa takriban asilimia 13. Hiyo asilimia 13 ni watoto walio hai leo. Usione haya kulisema hilo kwa hisia. Mtafiti hakatazwi kufurahi.

Upande wa pili wa namba ni yale usiyoyajua. Neno "bado hatujui" halimvunjii mtafiti heshima, mradi lisiachwe peke yake. Lifuatishe na mambo mawili: mnafanya nini ili mjue, na wakati mnasubiri wananchi wafanye nini. "Bado hatujui ugonjwa huu umetoka wapi. Sampuli ziko maabara. Kwa sasa, mwenye homa na kutokwa damu asitibiwe nyumbani, afikishwe kituo cha afya." Mwandishi ana habari, na mwananchi ana la kufanya.

Jambo la hatari zaidi ni kuwatuliza watu kwa uhakika usio nao, au kumwacha mwingine awatulize kwa jina lako. Mwishoni mwa Machi 2009, mji wa L'Aquila nchini Italia ulikuwa umetikiswa na matetemeko madogo kwa miezi. Ofisa wa ulinzi wa raia, Bernardo De Bernardinis, aliiambia televisheni kwamba wanasayansi wanaona hali ni nzuri kwa kuwa nguvu ya ardhi inaendelea kupungua kidogo kidogo. Sayansi ya matetemeko haikuwa imethibitisha jambo hilo, lakini kauli iliachwa ielee. Tarehe 6 Aprili tetemeko kubwa liliua watu zaidi ya 300. Mwaka 2012 mahakama iliwahukumu kifungo wanasayansi sita pamoja na ofisa huyo. Miaka miwili baadaye wanasayansi waliachiwa katika rufaa, naye akabaki na hatia kwa adhabu iliyopunguzwa. Wengi wanaikumbuka kesi ile kama kisa cha watu walioshtakiwa kwa kutotabiri tetemeko. Kwangu funzo lake ni jingine: kama kuna mtu anasema hadharani "wataalamu wameniambia", na wewe ndiye mtaalamu, na hukumwambia hivyo, sahihisha siku hiyohiyo.

Hapa kwetu lipo tukio ambalo kila mtafiti wa afya analikumbuka. Desemba 2016 Dkt. Mwele Malecela, aliyekuwa Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, alitangaza jijini Dar es Salaam matokeo ya utafiti uliokuta dalili za maambukizi ya Zika katika sampuli za damu za Watanzania. Dunia ilikuwa bado na hofu ya picha za watoto wa Brazil waliozaliwa na vichwa vidogo. Wizara ya Afya ilijitokeza kusema nchi haina mlipuko wa Zika, na muda mfupi baadaye Rais John Magufuli alitengua uteuzi wake. Dkt. Malecela aliendelea na kazi kubwa Geneva, akiongoza idara ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika ya Shirika la Afya Duniani hadi alipofariki mwaka 2022.

Sitasema kwamba maneno mengine yangemwokoa. Mambo kama hayo hayaamuliwi na sentensi. Lakini tazama jinsi habari yenyewe ilivyokuwa ngumu kubeba. Kukuta alama za virusi katika damu kunaonyesha kwamba mtu aliwahi kukutana na virusi hivyo. Hakuonyeshi peke yake kwamba kuna mlipuko wiki hii. Tena Zika si mgeni katika ukanda huu. Virusi vyake vilitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1947 katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, Uganda, na mapema miaka ya 1950 watafiti walikwisha kukuta dalili zake katika damu ya watu wa Uganda na Tanganyika. Ukiwa na matokeo ya aina hii, usianze na virusi, anza na mpaka wa habari: "Hatutangazi mlipuko. Tunasema virusi ambavyo vimekuwepo Afrika Mashariki kwa miaka mingi tumekuta alama zake hapa pia, na tunataka kujua vina athari gani kwa wajawazito wetu." Liandike hilo katika aya ya kwanza ya taarifa kwa vyombo vya habari, kwa sababu aya ya sita hakuna anayeisoma saa kumi jioni.

Na kabla ya mkutano, wapelekee taarifa wale watakaoulizwa baada yako: wizara, mganga mkuu wa mkoa, ofisi ya mkuu wa wilaya. Huwaombi ruhusa ya kubadili matokeo. Unawaepusha na aibu ya kusikia jambo la ofisi yao kutoka kwa mwandishi. Kiongozi aliyeshtukizwa hukanusha kwanza, akasoma baadaye. Kama wewe ni mtumishi wa umma, jua mapema ni nani mwenye mamlaka ya kusemea taasisi yako, na wewe unaruhusiwa kusema nini. Si vizuri kuanza kulitafuta jibu hilo simu inapolia.

Simu yenyewe ikilia, uliza mambo machache: ni chombo gani, ni mubashara au ya kurekodiwa, habari inahusu nini hasa, na anaihitaji saa ngapi. Ukihitaji muda sema, "Nipe nusu saa nitakupigia," kisha mpigie kweli. Asipokupata atampata mwingine, na huyo mwingine huenda hajawahi kuingia maabara. Waandishi wengi wa mikoani hulipwa kwa habari moja moja, malipo madogo, na siku hiyohiyo wana habari ya ajali na ya baraza la madiwani. Hawana siku mbili za kusoma makala yako ya kurasa kumi na nne. Wape ukurasa mmoja wa Kiswahili, jina lako na cheo chako vimeandikwa sawasawa, namba tatu muhimu zilizokwisha kuhakikiwa, na picha moja nzuri.

Usidai kusomewa habari nzima kabla haijatoka. Vyumba vingi vya habari havikubali, na vina sababu nzuri. Omba kinachokubalika: "Ukimaliza, nisomee zile namba na maneno utakayoninukuu, nihakikishe sijakuchanganya." Wengi watashukuru. Kuhusu jambo lisilo la kunukuliwa, makubaliano huja kabla ya kulisema. Ukishalisema ndipo uongeze "hilo usiliandike", umechelewa. Pia kumbuka kwamba kichwa cha habari huwekwa na mhariri. Usimgombeze mwandishi kwa maneno ambayo hakuyaandika.

Niseme na la bahasha, kwa kuwa kunyamaza kwetu ndiko kunakolilea. Kumrudishia mwandishi nauli ya kufika kijijini kwenye mradi, kwa utaratibu unaojulikana na kwa kusaini, kunaweza kutetewa mbele ya mtu yeyote. Kumpa fedha ili habari itoke, au itoke tamu, ni kununua sifa. Utafiti uliosifiwa kwa kununuliwa hautaaminiwa siku utakapokuwa na onyo la kweli. Kuna njia bora ya kutumia fedha hiyo: waalike waandishi siku moja kwenye maabara au shamba la majaribio, wakati hakuna habari yoyote ya kutangaza, waulize kila kitu. Kenya ina chama cha waandishi wa sayansi, MESHA, na Tanzania ina Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ambayo imekuwa ikiwakutanisha watafiti na wanahabari. Anzia huko.

Kwa wananchi wenyewe, kanuni ya kwanza ni ya adabu: walioshiriki utafiti wasisikie matokeo redioni kabla hujawarudia. Nenda na mwenyekiti wa kijiji, kaeni chini, na waache waulize kabla hujafungua makaratasi yako. Pwani yetu ina kumbukumbu ndefu ya mumiani, wale waliosemwa kunyonya watu damu. Mtu akikuuliza damu ya mtoto wake inapelekwa wapi, usimwone mshamba. Ameuliza swali ambalo kamati ya maadili nayo ilikuuliza. Mjibu kwa ukamilifu uleule: tunachukua mililita tano, sawa na kijiko kimoja cha chai, inapelekwa maabara fulani, inapimwa hiki na hiki, ikibaki inahifadhiwa au inateketezwa hivi. Kilifi, kituo cha utafiti cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na shirika la Wellcome kimejenga mtandao wa wawakilishi wanaochaguliwa na jamii, wanaobeba maswali ya vijijini kuyaleta kwa watafiti na kurudisha majibu. Si kila mradi una fedha za mtandao kama huo, lakini kila mradi unaweza kuwa na mtu mmoja wa kijijini ambaye simu yake mnaipokea.

Uvumi ukianza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp, usiusambaze zaidi kwa kuuweka mbele. Anza na ukweli, utaje uvumi mara moja tu kwa ufupi, ueleze kwa nini si kweli, umalizie na ukweli tena. Rekodi kwa sauti yako, dakika moja, ukitaja jina lako, taasisi na tarehe, ili ikisikika miezi sita baadaye watu wajue ni ya lini. Sauti husafiri kuliko waraka wa kurasa, na bibi asiyesoma naye anaisikia.

Habari ikitoka na kosa, pima kwanza uzito wake. Cheo chako kikikosewa, mtumie mwandishi ujumbe wa upole na uache. Kosa likimhusu mgonjwa, kipimo cha dawa au chakula, mpigie mwandishi mara moja, umtumie sentensi sahihi iliyo tayari kuchapishwa au kusomwa. Asipopatikana ndani ya saa moja, mpigie mhariri. Mhariri akikataa kabisa, Tanzania kuna Baraza la Habari na Kenya kuna Baraza la Vyombo vya Habari, na vyote viwili hupokea malalamiko. Wakati huohuo weka sentensi hiyo sahihi kwenye kurasa za taasisi yako na uipeleke kwa redio ya jamii iliyo karibu na wahusika, maana wao hawawezi kusubiri gazeti la kesho. Habari ikitoka vizuri, piga simu hiyohiyo umshukuru mwandishi, utunze namba yake kwa jina lake kamili, na mwezi ujao mtumie jambo linalomfaa hata kama halihusu mradi wako.